Ushuru wa magari ya umeme wavuta viwanda ng'ambo, lakini je, mwenyeji atapona?

Na MWANDISHI WETU

HATUA ya mataifa makubwa kuongeza ushuru wa forodha kwa magari ya umeme kutoka Uchina ilinuiwa kuyazuia magari hayo langoni. Magari yamezuiwa kiasi, lakini viwanda vinavyoyaunda vimeanza kuvuka ukuta huo huo na kupiga kambi ndani.

Tangu mwaka wa 2023, kampuni ya BYD yenye makao makuu mjini Shenzhen imetangaza au kufungua viwanda vya magari katika miji ya Szeged nchini Hungaria, Manisa nchini Uturuki, Rayong nchini Thailand na Camaçari nchini Brazil. Kampuni ya Chery imeingia Barcelona, Uhispania, nayo Great Wall Motor imefufua kiwanda kilichokuwa cha Mercedes-Benz katika jimbo la São Paulo, Brazil.

Kwa mtazamo wa juu juu, huu ni ushindi kwa serikali zilizopandisha ushuru. Zilitaka ajira na viwanda, na viwanda vinakuja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, ukichunguza jinsi viwanda hivyo vilivyofika, masharti viliyowekewa na kazi hasa inayofanywa ndani ya kuta zake, utagundua kwamba si kila mwenyeji anayepona. Wapo waliopata kiwanda kamili, wapo waliopata bohari la kukaza nati, na wapo walioshika karatasi ya mkataba kwa muda mrefu kabla ya kuona gari hata moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayopasa kutazamwa na nchi kama Kenya, ambayo nayo hutumia ushuru kujaribu kuvutia waundaji wa magari.

HESABU YA USHURU

Oktoba 2023, Tume ya Ulaya ilianzisha uchunguzi kuhusu ruzuku ambazo serikali ya Uchina huwapa waundaji wa magari ya umeme. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 30, 2024, ushuru wa fidia ulianza kutekelezwa kwa kipindi cha miaka mitano. BYD iliwekewa asilimia 17, Geely asilimia 18.8, na SAIC, inayomilikiwa na serikali ya mji wa Shanghai na kuuza magari ya nembo ya MG, ikabebeshwa asilimia 35.3. Hata kampuni ya Kimarekani ya Tesla haikusazwa. Magari yake yanayotoka Shanghai yalitozwa asilimia 7.8. Viwango hivyo vyote huongezwa juu ya ushuru wa kawaida wa asilimia 10.

Chukua mfano wa gari lenye thamani ya euro 20,000 linapofika bandarini. Likiwa la BYD, litalipiwa asilimia 27, yaani euro 5,400. Likiwa la MG, litalipiwa asilimia 45.3, yaani euro 9,060. Kampuni yenye matumaini ya kuuza magari 100,000 kwa mwaka kwa kiwango cha BYD ingelipa euro milioni 540 kila mwaka, na fedha hizo zikishalipwa hazirudi.

Linganisha na kiwanda. Mradi wa BYD mjini Manisa ulikadiriwa kugharimu dola bilioni moja, ukiwa na uwezo wa kuunda magari 150,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, ushuru wa miaka miwili hivi ungetosha kujenga kiwanda kizima. Isitoshe, kiwanda hubaki kuwa mali ya kampuni ilhali ushuru ni mali ya serikali. Si ajabu basi kwamba wenye kampuni waliamua kuhamisha karakana badala ya kuendelea kulipa langoni.

Ipo sababu nyingine iliyowasukuma kutoka nyumbani. Viwanda vya Uchina vina uwezo wa kuunda magari mengi kuliko yanayonunuliwa nchini humo, na ushindani umezua vita vikali vya bei. Mwezi Mei 2025, BYD ilipunguza bei za baadhi ya magari yake kwa hadi asilimia 34. Kampuni inayouza kwa hasara au faida finyu nyumbani hutafuta soko la ng'ambo ambako gari lilo hilo huuzwa kwa bei ya juu. Kwa hivyo, ushuru haukuanzisha safari hiyo, bali ulibadilisha tu njia yake.

SI JAMBO GENI

Mbinu hii si ya Wachina pekee wala haikuanza na magari ya umeme. Mwaka wa 1981, Japan ilishinikizwa na Marekani kukubali kwamba haingeuza nchini humo zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Waundaji wa Japan hawakukaa kitako kulalamika. Honda ilianza kuunda magari Marysville, Ohio, mnamo 1982, na Nissan ikafungua kiwanda Smyrna, Tennessee, mwaka uliofuata. Toyota nayo ilishirikiana na General Motors katika kiwanda cha Fremont, California, kuanzia 1984.

Kiwanda hicho cha Fremont kilifungwa mwaka wa 2010 na kununuliwa na kampuni changa iliyoitwa Tesla. Miaka minane baadaye, Tesla yenyewe ilijikuta katika hali iliyowakumba Wajapani. Katikati ya mwaka wa 2018, Uchina ililipiza kisasi dhidi ya ushuru wa Rais Donald Trump kwa kufikisha asilimia 40 ushuru wa magari yanayotoka Marekani. Julai 10 mwaka huo huo, Tesla ilitia saini makubaliano ya kujenga kiwanda Shanghai. Kufikia mwisho wa 2019, magari ya kwanza yalikuwa yakikabidhiwa wateja.

Kisa cha Shanghai kina funzo ambalo wachanganuzi wengi hulipita haraka. Uchina haikupata kiwanda tu. Tesla ilihitaji vipuri vya karibu na vya bei nafuu, hivyo wauzaji wa Kichina wa betri, vioo, viti na vyuma walilazimika kufikia viwango vyake. Ujuzi huo haukubaki ndani ya ua la Tesla, bali ulisambaa kwa kampuni zile zile ambazo leo zinaisumbua sokoni. Mwenyeji alipona kwa sababu alikuwa na mafundi, wauzaji wa vipuri na soko kubwa kabla mgeni hajabisha hodi.

THAILAND: NIPE NIKUPE

Miongoni mwa nchi ambazo hazina ukubwa wa Uchina, Thailand ndiyo iliyopanga mambo yake kwa utaratibu ulio wazi zaidi. Mwaka wa 2022, serikali ilianza kutoa ruzuku ya hadi baht 150,000 kwa gari moja la umeme na kupunguza ushuru wa yale yaliyoagizwa kutoka nje. Lakini fadhila hiyo ilikuwa deni. Kampuni iliyonufaika ilitakiwa kuunda nchini Thailand gari moja kwa kila gari iliyoliagiza, ikifanya hivyo kufikia 2024. Ikichelewa hadi 2025, ingeunda gari moja na nusu kwa kila moja. Katika awamu ya pili ya mpango huo, deni lilipanda hadi magari mawili kwa moja mwaka wa 2026 na matatu kwa moja mwaka wa 2027.

Matokeo yalionekana. Great Wall Motor ilianza kuunda magari ya umeme Rayong mapema mwaka wa 2024, na Julai 4 mwaka huo BYD ikafungua kiwanda chake chenye uwezo wa magari 150,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, si kila kitu kilikwenda shwari. Mauzo ya ndani yalipodorora kwa sababu benki zilikaza mikopo, kampuni zilijikuta zikidaiwa magari ambayo hayangepata wanunuzi. Desemba 2024, serikali ikalazimika kulegeza kamba na kuziruhusu kuahirisha deni hilo. Wakati huo, kampuni za Kijapani zilizoijenga sekta ya magari ya Thailand kwa miongo kadhaa zilikuwa zimeanza kubanwa. Suzuki ilitangaza mwezi Juni 2024 kwamba ingefunga kiwanda chake nchini humo. Mgeni mpya alipokaribishwa mlango wa mbele, mgeni wa zamani alikuwa akifunga virago mlango wa nyuma.

BRAZIL NA VIWANDA VYA BISIBISI

Brazil ilichagua kupandisha ushuru ngazi kwa ngazi. Magari ya umeme yaliyokuwa yakiingia bila ushuru yalianza kutozwa asilimia 10 mnamo Januari 2024, kisha 18 mwezi Julai mwaka huo, 25 mnamo Julai 2025, huku asilimia 35 ikipangiwa Julai 2026. Kampuni zilijua mapema ni lini mlango ungefungwa, na zilipewa muda wa kujenga.

BYD ilichukua eneo la Camaçari, jimboni Bahia, lililoachwa na Ford baada ya kampuni hiyo kutangaza mwaka wa 2021 kwamba ingeacha kuunda magari Brazil. Kwa mji uliopoteza maelfu ya ajira, habari hizo zilikuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Lakini Desemba 2024, wakaguzi wa kazi walifika mahali pa ujenzi wakawaokoa wafanyakazi 163 kutoka Uchina waliokuwa wameajiriwa na mwanakandarasi. Wakaguzi walisema watu hao waliishi katika hali iliyofanana na utumwa, wakilala kwenye vitanda visivyo na magodoro huku baadhi yao wakinyang'anywa pasipoti. BYD ilisema imevunja mkataba na mwanakandarasi huyo. Mei 2025, waendesha mashtaka wa masuala ya kazi waliishtaki BYD pamoja na wanakandarasi wawili.

Mgogoro wa pili ulihusu kazi yenyewe. Kabla kiwanda hakijawa tayari kukata na kuchomelea vyuma, BYD iliomba kupunguziwa ushuru wa vipuri vilivyopakiwa tayari kuunganishwa. Kampuni nne zenye viwanda vya miaka mingi Brazil, miongoni mwazo Volkswagen na Toyota, zilimwandikia Rais Luiz Inácio Lula da Silva zikipinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Gari linalofika likiwa vipande, likakazwa skrubu na kupigwa nembo ya taifa, haliwapi kazi watu wa vyuma, rangi, plastiki wala nyaya. Hicho si kiwanda cha magari bali ni kiwanda cha bisibisi.

Mwishoni mwa Julai 2025, serikali iliamua kugawanya kidogo kwa kila upande. Iliruhusu vipuri vya thamani ya dola milioni 463 kuingia bila ushuru kwa miezi sita, lakini ikarudisha mbele hadi Januari 2027 tarehe ambayo vipuri hivyo vitatozwa asilimia 35 kamili. Oktoba 2025, Rais Lula alihudhuria ufunguzi wa kiwanda cha Camaçari.

KURA ZILIPOGEUKA KIWANDA

Barani Ulaya, mahali pa kujenga hapakuamuliwa na hesabu za biashara peke yake. Nchi wanachama zilipopiga kura Oktoba 4, 2024 kuhusu ushuru huo, kumi ziliunga mkono, tano zikapinga zikiwemo Ujerumani na Hungaria, na kumi na mbili zikajizuia kupiga kura, Uhispania ikiwa mojawapo. Mwezi huo huo, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba serikali ya Uchina iliziagiza kampuni zake kusitisha uwekezaji mkubwa katika nchi zilizounga mkono ushuru.

Poland ilikuwa imeunga mkono. Katika mji wa Tychy, kampuni ya Stellantis ilikuwa imeanza mwaka wa 2024 kuunganisha gari dogo la mshirika wake wa Kichina, Leapmotor. Mwaka wa 2025, kazi hiyo ilisimamishwa. Uhispania, iliyojizuia, iliendelea kupokea wageni. Chery ilikuwa tayari imeungana na kampuni ya Ebro katika kiwanda kilichoachwa na Nissan mjini Barcelona mwaka wa 2021, na Desemba 2024 Stellantis na kampuni ya betri ya CATL zikatangaza kiwanda cha betri cha euro bilioni 4.1 karibu na Zaragoza. Hungaria, iliyopinga, ilikuwa imeshapata ahadi ya Szeged tangu Desemba 2023, ingawa mwaka wa 2025 Reuters iliripoti kwamba uzalishaji kwa wingi huko ungesogezwa hadi 2026.

Uturuki haimo katika Muungano wa Ulaya lakini ina umoja wa forodha nao tangu mwisho wa 1995. Juni 2024, ilitangaza ushuru wa ziada wa asilimia 40 kwa magari kutoka Uchina, kisha ikawasamehe wenye vyeti vya uwekezaji. Julai 8 mwaka huo, mkataba wa Manisa ulitiwa saini mbele ya Rais Recep Tayyip Erdoğan. Kwa kupata cheti, kampuni ilifunguliwa soko la Uturuki hata kabla ya kutoa gari lake la kwanza kiwandani. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana anayekula kabla ya kulima hana haraka ya kushika jembe.

MLANGO UKIFUNGWA KABISA

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Septemba 2024, ilifikisha ushuru wa magari ya umeme ya Uchina asilimia 100. Januari 2025, ikaongeza kanuni inayopiga marufuku programu za kompyuta za Kichina ndani ya magari yaliyounganishwa na mitandao, kuanzia matoleo ya mwaka wa 2027. Kanuni hiyo haijali gari limeundiwa wapi. Hata kiwanda kikijengwa Texas, kampuni ya Kichina haitavuka.

Njia ya mchepuko kupitia Mexico nayo imezibwa. BYD iliyokuwa imezungumzia kujenga huko iliacha mpango huo, na Desemba 2025 bunge la Mexico likapitisha ushuru wa hadi asilimia 50 kwa magari ya Uchina.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Ushuru unaoweza kuepukwa kwa kujenga huvuta kiwanda. Ukuta usio na mlango hauvuti chochote, na wanunuzi wa ndani huachwa na magari ghali kutoka kwa waundaji wasio na wa kushindana nao.

FUNZO KWA AFRIKA MASHARIKI

Kenya si mgeni katika mchezo huu. Katika miaka ya sabini, serikali ililinda viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa kwa kuzuia magari yaliyokamilika. Milango ilipofunguliwa miaka ya tisini, magari makuukuu kutoka Japan yalifurika na viwanda hivyo vikadhoofika. Leo, vipuri vya kuunganishwa nchini hupewa nafuu ya ushuru, na mwaka wa 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Kampuni ya BasiGo imeleta mabasi ya umeme Nairobi na kuyaunganisha Mombasa na Thika.

Hata hivyo, sharti tukubali hesabu. Katika miaka ya karibuni, magari mapya yanayouzwa Kenya kwa mwaka hayafiki 20,000. Kiwanda kimoja cha Rayong kina uwezo wa 150,000. Hakuna ushuru utakaoishawishi kampuni kujenga kiwanda kamili cha magari kwa soko la ukubwa huo. Tukiupandisha tu, tutaongeza bei kwa mwalimu na mfanyabiashara anayenunua gari lake la kwanza, na kiwanda kisije.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina zaidi ya watu milioni 300, na hiyo ni habari nyingine. Lakini soko hilo lipo kwenye karatasi zaidi kuliko barabarani. Ingawa kuna viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha, kila mwaka nchi wanachama huomba kujitoa katika baadhi ya viwango hivyo. Uganda ina kiwanda chake cha mabasi cha Kiira mjini Jinja, Rwanda ikaikaribisha Volkswagen Kigali mwaka wa 2018, nayo Kenya ina vyake. Kila mmoja akipika chungu chake kidogo, hakuna atakayeshiba.

Kuna mahali ambapo soko letu ni kubwa kweli, nako ni kwenye boda boda. Kampuni ya Roam ilifungua kiwanda cha pikipiki za umeme Nairobi mwaka wa 2023, ikisema kina uwezo wa kuunda pikipiki 50,000 kwa mwaka. Hapo ndipo ushuru wa ngazi kwa ngazi, kwa mfano wa Brazil, na deni la kuunda nchini, kwa mfano wa Thailand, vinaweza kuzaa matunda. Nafuu ya ushuru wa vipuri itolewe, lakini iwe na tarehe ya kuisha. Mwaka wa kwanza mwekezaji alete vipande vyote, mwaka wa tatu fremu ichomelewe hapa, na mwaka wa tano nyaya na maganda ya betri yatoke kwa mafundi wetu. Asiyetimiza arudishe alichosamehewa.

Zaidi ya hayo, eneo hili lina kitu ambacho Hungaria na Uturuki hazina. Sehemu kubwa ya madini ya kobalti duniani huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya. Februari 2025, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na kuanzia Oktoba ikaweka mgao. Indonesia ilitumia mbinu ya namna hiyo kwa nikeli tangu 2020 ikapata viyeyushio na kiwanda cha betri. Lakini Indonesia ilikuwa na umeme na bandari za kutosha. Kolwezi, katika eneo la watu wanaozungumza lugha hii hii tunayoandikia, umeme haujatosha hata migodi iliyopo.

Ushuru ni kama uzio wa shamba. Humzuia mbuzi wa jirani, lakini hauoteshi mahindi. Nchi zilizofaidi viwanda vya magari ya umeme zilikuwa na mafundi, umeme, barabara na soko, kisha zikatumia ushuru kumharakisha mwekezaji aliyekuwa akisitasita. Zilizotanguliza uzio zimebaki zikihesabu mikataba. Bunge la Kenya linapojadili kila Juni ni kipi kipandishwe na kipi kisamehewe, wabunge wangeuliza swali moja kwa kila mwekezaji anayeomba nafuu: baada ya miaka mitano, ni kipande kipi cha chombo hiki kitakuwa kimetengenezwa na mkono wa Mkenya? Asiye na jibu hajaja kujenga kiwanda, amekuja kukwepa ushuru.